Neno la Kuvutia Kamba

Aprili ya mwaka tisini na sita, wiki mbili kabla ya Mei mosi, Bwana Joab, msimamizi wa ghala la kahawa, aliwakusanya mahamali wake wote uani, akapanda juu ya mzani wa kupimia magunia ili aonekane, akakohoa mara tatu kama mtu anayeomba mke.

"Kahawa siku hizi inaingia kwenye makontena huko huko bara," alisema. "Inapita juu ya vichwa vyetu moja kwa moja hadi melini. Magenge mawili siwezi kuyaweka. Tajiri amesema libaki moja."

"Lipi?" Kahindi aliuliza kutoka nyuma.

"Mimi sichagui. Nikichagua mtasema nimependelea kabila, mtasema dini, mtasema nimehongwa kuku. Mei mosi tunavuta kamba uwanjani Makadara kama kila mwaka. Genge litakaloshinda linabaki. Kamba haina kabila."

Watu walicheka. Wakamtazama Joab, wakaona yeye hacheki, kicheko kikafa kimoja kimoja, na wa mwisho kunyamaza alikuwa Karisa.

Karisa hakuwa mbebaji. Zamani alikuwa, na wa kusifiwa, hadi mwaka wa themanini na tisa gunia lilipochomoka juu ya rundo likamwangukia kiunoni. Tangu siku hiyo hakunyanyua kitu kizito kuliko kikombe cha kahawa. Lakini genge la mlango wa chini, genge lake, halikumwacha. Walimweka awe mwimbishaji, naye akawa na fungu lake kamili kama mwenye mabega mazima, kwa sababu mahamali wanane wakiimbishwa na Karisa walifanya kazi ya kumi na watano.

Siri yake ilikuwa udaku. Waimbishaji wengine waliita Mungu, waliita mama, waliita "haya, haya." Karisa aliita aibu za watu. Kila kuli alikuwa na wimbo wake, na wimbo wenyewe ulikuwa jambo ambalo angetoa jino ili lisahauliwe. Kadenge aliwahi kupaka ndevu kanta ili ziwe nyeusi, zikatoka rangi ya biringani siku ya posa yake. Kahindi alikimbizwa na jogoo wa jirani hadi akapanda juu ya meza ya chai. Mtu akiwa chini ya gunia, amelegea magoti, Karisa alimsogelea akamwimbia lake, na wenzake wakajibu kwa sauti moja. Yule mtu alipata hasira na kicheko kwa pamoja, na gunia likapanda ngazi kana kwamba ni mto wa usufi. Na desturi ilikuwa hii: neno lililoimbwa chini ya mzigo hushushwa pamoja na mzigo. Hakuna kununa, hakuna kulipiza. Na mpaka ulikuwa mmoja, aliouweka Karisa mwenyewe: wimbo haubishi hodi nyumbani kwa mtu. Mke wa mtu haimbwi.

Sasa fikiria hali yake. Kadenge angeweza kwenda kubeba saruji Mbaraki. Kahindi angepata samaki wa kushusha Liwatoni. Genge likivunjwa, kila mmoja alikuwa na mikono ya kupeleka mahali. Karisa alikuwa na koo. Nani katika Mombasa nzima atamwajiri mtu wa miaka hamsini na mbili, mgongo umepinda, kazi yake ni kuwasimanga wenzake?

"Wao watakula," mkewe Sidi alimwambia usiku huo huo, akimkanda kiuno kwa mafuta ya moto. "Sisi je?"

Karisa alikuwa na jibu, ila lilikuwa baya.

Mambo ya mazoezi yaliharibika mapema. Genge la mlango wa juu lilikuwa la vijana, na lilijiletea mwalimu, Kyalo, mlinzi wa ghala aliyewahi kuwa jeshini, mwenye filimbi shingoni na kaptula iliyopigwa pasi. Kyalo hakuimba. Alipuliza tu: moja, pumzi, moja, pumzi, na vijana wake wakavuta kama mashine ya kushona. Jioni mbili magenge yalijaribiana pale uani. Jioni zote mbili genge la chini liliburutwa.

Tatizo lilikuwa Kazungu. Huyu ndiye aliyekuwa nanga, mtu wa mwisho, yule ambaye kamba humzunguka mgongoni ikapita begani, na ambaye akikita visigino ardhini mchezo umekwisha. Alikuwa jabali la mtu kutoka Kaloleni, mpole, mwenye shingo ya ng'ombe dume. Miaka minne mfululizo yeye ndiye aliyelishindia genge lake kikombe. Lakini tangu arudi kumzika babake mwezi wa pili, Kazungu alikuwa amepungua. Chakula alikitia kidole tu. Akisemeshwa, jibu lilichelewa. Kwenye kamba alivuta, hakukataa, ila alivuta kama mtu anayemshikia mwenziwe mlango.

Karisa alimjaribu kwa kila wimbo alioujua, na hapo ndipo ilipokuwa taabu: Kazungu hakuwa na wimbo. Halewi, hapigani, hakopi, hakimbii majogoo. Mtu asiye na aibu ni mzigo usio na pa kushika. Karisa alimwimbia ukubwa wa miguu yake, Kazungu akatabasamu. Alimwimbia jinsi alivyolala kanisani, akatabasamu tena, na kamba ikaenda zake.

"Mwanangu, una nini?" Karisa alimuuliza faraghani, nyuma ya magunia.

"Sina neno, Ami. Nitavuta."

"Utavuta lini? Imebaki siku tano."

"Nitavuta, Ami," alisema Kazungu, akatazama mikono yake mwenyewe kana kwamba ni ya kuazima.

Asubuhi ya siku ya mwisho kabla ya Mei mosi Karisa alipita kwa Bi Mwanarusi pale Kibokoni, ambako watu walinunua mahamri na kupewa habari bure. Baraza yake haikukosa watu sita, na hao sita walijua mambo ya watu sitini. Siku hiyo, kwa kudura, mvua ya masika ilikuwa imewafukuza, Bi Mwanarusi alikuwa peke yake na karai lake chini ya kipande cha bati.

"Ami Karisa! Mbona uso umeanguka hivyo? Nnani aliyekufa?"

"Mimi. Nazikwa kesho Makadara."

"Uu! Kaa kitako. Chukua hili la moto. Ati mtashindwa?"

"Tushashindwa. Kazungu havuti."

Bi Mwanarusi aligeuza mahamri, moja baada ya jingine, polepole mno kuliko mahamri yanavyotaka. "Kazungu wako," alisema. "Haya. Mimi sisemi. Mimi ni mtu wa mahamri."

"Huna la kusema, au lipo husemi?"

"Lipo, ila si la kusemwa."

"Basi, Bi Mwanarusi, ukae nalo. Mimi naenda zangu."

Hajainuka vizuri, akavutwa shuka. "Keti, nawe! Huna subira, kama mtoto wa Idi." Akainama, sauti ikashuka. "Kazungu alipokwenda matangani, zile siku saba, mkewe Nyevu hakukaa peke yake. Alfajiri natoka kuchota maji, mlango wa kwake wafunguka, mtu yuwatoka, viatu mkononi. Na si siku moja."

"Mtu nani?"

"Gunga."

"Gunga yupi?"

"Kuna Gunga wangapi katika mji huu? Wa genge la juu. Nanga yao."

Hamri lilimkwama Karisa kooni. Gunga, kijana wa kifua kama mlango, ndiye ambaye kesho angekaa upande wa pili wa kamba, uso kwa uso na Kazungu.

"Umemwona kwa macho yako?"

"Kwa mato yangu haya mawili. Na neno hili ni lako peke yako, Ami. Nimekupa kwa kuwa kifua kimenijaa."

"Hujampa mwengine?"

"Mimi? Hasha! Bi Mbodze tu wa nyumba ya pili, na dadake. Na wale hawasemi."

Karisa aliondoka pale na mvua ikimpiga, wala haisikii. Nia mbaya haikumjia kwa mkupuo. Ilimjia kama mgeni anayesema anapita tu, kisha akaomba maji, kisha akavua viatu. Kwanza alijiambia kwamba Kazungu hajui, maskini. Halafu akajiambia kwamba kupungua kule ni kwa ajili ya babake. Mwisho akawaza: je, akijua? Akijua akiwa ameishika kamba, na mwishoni mwa kamba yupo yule yule? Angewang'oa wale vijana pamoja na Makadara yenyewe.

"Siimbi," alisema kwa sauti, peke yake, kichochoroni. Mwanamke aliyekuwa akimwaga maji mlangoni alimtazama kwa mashaka.

Mei mosi mvua ilianuka saa nne ikaacha uwanja umekuwa uji. Mji wa Kale wote ulishuka Makadara. Kulikuwa na wauza viazi vya karai, kachiri na madafu, kulikuwa na mabuibui yaliyojipanga kama kunguru ukutani, na vijembe viliruka kabla hata ya kamba kunyooshwa.

"Genge la chini, mmekuja kuvuta au kuvutwa?" alipiga kelele kijana mmoja.

"Mwulize mamako, yeye ndiye aliyetupikia uji!" Kadenge alimrudishia, na watu wakaangua kicheko.

Bwana Joab alikuwa amevaa tai. Alifunga kitambaa chekundu katikati ya kamba, akaeleza sheria ambazo kila mtu alizijua: mivuto mitatu, atakayeshinda miwili ndiye.

Mvuto wa kwanza haukudumu. Filimbi ya Kyalo ililia pii, pii, pii, vijana wakarudi nyuma hatua kwa hatua, na genge la chini likateleza kwenye matope Karisa hajamaliza hata ubeti mmoja. Aliwaona wenzake wakiinuka, matope hadi kwenye nyusi, wakikwepa kumtazama. Kando ya uwanja Sidi alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

Mvuto wa pili Karisa alijitoa mhanga. Aliingia karibu yao kabisa, akaenda mbele na nyuma ya kamba kama jogoo mwenyewe, mgongo ukimchoma, sauti ikipanda.

"Kahindi wa mbio, mbio za nani?"

"Za jogoo!"

"Jogoo wa nani?"

"Wa jirani!"

"Ukapanda wapi?"

"Mezani!"

Kila jibu lilikuwa mvuto. Watazamaji walianza kujibu nao, mabuibui yakatikisika kwa kicheko, hata kijana mmoja wa genge la juu alishindwa kujizuia akacheka, pumzi ikamtoka, na mara kitambaa chekundu kikavuka mstari. Mvuto mmoja kwa mmoja! Makadara ikalipuka. Karisa alipiga magoti matopeni, hakuweza kuinuka, Kahindi akamnyanyua kwa makwapa.

"Ami, mmoja tu! Tupe mmoja tu tena!"

Ila Karisa alikuwa amemwona Kazungu. Wote walikuwa wakihema na kucheka, Kazungu alikuwa akihema tu. Uso wake ulikuwa wa majivu. Wenzake saba ndio waliovuta, tena wametoa yote.

Mvuto wa tatu ulianza na ukasimama. Watu kumi na sita walilala nyuma, kamba ikalia kama mlango mkongwe, kitambaa kikatetemeka hapo hapo kati. Karisa aliimba jogoo, wimbo wa jogoo umekwisha utamu. Aliimba biringani ya Kadenge. Aliimba mambo ya zamani na aliyoyabuni papo hapo. Filimbi ya Kyalo haikuchoka. Pii. Kitambaa kikaenda shubiri moja upande wa juu. Pii. Shubiri nyengine. Visigino vya Kazungu vilianza kuchora mifereji miwili matopeni.

Karisa alitazama ile mifereji. Akamwona Sidi amefumba macho. Akajiona mwenyewe amekaa barazani mwa watu, asubuhi hadi jioni, akingoja kupewa kikombe.

Akaenda hadi mwisho wa kamba, akainama kwenye sikio la Kazungu, na akaimba. Hakunong'ona. Aliimba kwa koo lake lote, kwa kuwa hakujua kuimba kwengine.

"Kazungu nanga, nanga ya nani?"

"Ya genge!" walijibu wale saba.

"Ulipokwenda kuzika, nyumba alilinda nani?"

Jibu lilikuwa jipya, hawakulijua. Na desturi ya wimbo ni kwamba jibu jipya mwimbishaji hulitoa mara moja, nao hulirudia bila ya kufikiri, kwa sababu mtu aliye chini ya mzigo hana nafasi ya kufikiri.

"Gunga!" Karisa akawapa.

"Gunga!" waliitika wote saba, na wakavuta.

"Viatu mkononi, akitoka alfajiri!"

"Gunga!"

Na kamba ilikuja. Wallahi ilikuja. Shubiri mbili, tatu, kitambaa kikarudi kati na kupita. Kule upande wa pili Gunga alikuwa ameinua kichwa, kinywa wazi, mikono imelegea. Watu wa mbali walikuwa bado wakishangilia. Walio karibu walikuwa wamenyamaza. Karisa aliusikia ukimya ule ukija kwa mzunguko, kama maji yanayoingia chumbani kupitia chini ya mlango.

Kazungu akasimama wima.

Hakukurupuka. Alisimama kama mtu aliyemaliza kula, akaipitisha kamba juu ya kichwa chake, akaitoa mgongoni, akailaza chini. Akaiachia. Wenzake saba waliondoka matumbo chini, wakateleza kwenye uji ule hadi miguuni pa Kyalo, na filimbi ikaendelea kulia peke yake mara mbili zaidi kwa mazoea.

"Ami Karisa," Kazungu alisema. Hakupaza sauti, wala hapakuwa na haja. "Nalijua."

Karisa alifungua mdomo.

"Najua tangu niliporudi matangani. Mke wangu aliniambia mwenyewe, hakuambiwa na mtu aseme. Akalia, nami nikalia. Tukakaa siku nyingi, tukalimaliza, mimi na yeye na Mungu. Nalikuwa najifundisha kula tena. Nguvu zangu zilikuwa zaenda huko, Ami. Zilizobaki ndizo nalizokuwa nakuletea wewe."

"Mwanangu, ni wimbo tu. Wajua desturi. Mzigo ukishuka..."

"Mzigo gani umeshuka?"

Kazungu alipita katikati ya watu, nao wakampisha, na kule alikopita ndiko minong'ono ilikoanza. Gunga? Ndiye Gunga yule? Nyevu yupi, yule wa Kaloleni? Bi Mwanarusi alikuwa amejifunika uso kwa buibui. Karisa alipomsogelea alirudi nyuma kana kwamba anaona ukoma.

"Nalikupa wewe!" alisema kwa kilio. "Sikukupa Makadara!"

Kikombe alipewa Kyalo. Joab alilifungulia genge la chini daftari la malipo papo hapo, akawaambia wasije kesho, akatazama chini alipokuwa akisema. Wale saba walikaa kwenye nyasi, matope yakiwakaukia. Karisa alikwenda akakaa nao kama ada. Kahindi akainuka akahamia kando.

"Kahindi, nisikize. Nilikuwa naokoa..."

"Umetutia neno kinywani," Kahindi alisema. Alikuwa akijifuta midomo, tena na tena, kwa mkono ulio na matope zaidi ya midomo yenyewe. "Nimekula kwa Nyevu, Ami. Mwanangu alipougua ndiye aliyemuuguza. Na mimi nimelitamka, mbele ya watu, na nikavuta nalo. Nililitamka kwa furaha."

Siku ya tatu ndipo Sidi aliposema neno lake la kwanza. Alikuwa mlangoni, amempa Karisa mgongo. "Wanahama," alisema. "Nenda kabla hawajaondoka. Usiponena nao leo, mimi sitajua nakaa na nani."

Karisa alikwenda. Kichochoro cha kina Kazungu ni chembamba, mtu mnene humpisha mwenziwe kwa kugeuka ubavu, na siku hiyo kilikuwa kimezibwa na kabati. Lilikuwa kabati la mvule, la mahari, zito kama deni la damu, na waliolibeba walikuwa Kazungu, Kahindi, Kadenge na mwenzao mmoja wa genge, kuelekea kwenye mkokoteni uliosimama barabarani. Juu madirishani hapakuwa na mtu, lakini mapazia yote yalikuwa na vidole.

Walibeba kimya. Karisa hakuwahi kuwaona wakibeba kimya. Kila mmoja alinyanyua kwa wakati wake, mguu wa kabati ukagonga ukuta, chokaa ikamwagika, wakalitua, wakapumua bila kutazamana, wakalinyanyua tena, pembe ya Kadenge juu na pembe ya Kahindi bado chini. Kazungu alibanwa kidole, hakulia.

Karisa alisimama mbele yao. Maneno aliyoyapanga njia nzima, ya kuomba radhi, ya kuomba adhabu, yalimjaa hadi kwenye meno. Na chini ya hayo, aibu iliyoje, koo lake lilikuwa likitafuta wimbo, mahali pa kuwashika, pa kuwainua kwa pamoja.

Nyevu alitoka nyuma ya kabati, amebeba birika na mkeka, leso ameivuta hadi kwenye nyusi. Alimtazama Karisa. Hakumtukana. Alikuwa na macho ya mtu aliyekwisha tukanwa na mji mzima na hana tena hesabu nao.

"Ami," alisema kwa adabu, kama alivyomwita siku zote. "Tupishe, wameelemewa."

Karisa alirudi nyuma, akaubana mgongo wake mbovu ukutani, akavuta tumbo ndani. Kabati likapita mbele ya uso wake, polepole, likimkwaruza vifungo vya shati.